Mwendo wa Mota ya Baiskeli ya Umeme na Mpaka wa Sheria



Baiskeli ni chombo cha mfanyakazi. Ndiyo inayotufikisha kiwandani kabla king'ora hakijalia, na ndiyo inayomrudisha mchuma chai kambini jioni akiwa amefunga kuni nyuma. Mipakani, pale Busia na Malaba, baiskeli ndiyo iliyozaa kazi ya boda boda katika miaka ya 1960, ilipovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Baadaye ikaja pikipiki ikaichukua kazi ile. Sheria, bima na mafunzo ya uendeshaji vilikuja nyuma yake vikichechemea, na katikati ya muda huo vijana wengi walivunjika miguu bila kujua nani wa kuwafidia.

Leo imeingia baiskeli ya namna nyingine, yenye mota na betri. Tena pikipiki za umeme zimekwisha kufika kwa jirani zetu: mwaka 2024 serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zitakazoandikishwa mjini Kigali ni lazima ziwe za umeme. Ndiyo maana tumeona vema tulete somo hili sasa, kabla chombo hakijatuzoea sisi nasi hatujakizoea.

Tutasoma mambo matatu. Kwanza, ni kitu gani kinachoifanya mota iende mbio au polepole. Pili, sheria za nchi mbalimbali zinaweka mpaka wapi, na kwa sababu gani. Tatu, mpaka ule unapovunjwa, nani anayefaidika na nani anayelipa. Msomaji achukue kalamu na karatasi, kwa kuwa hesabu zipo, lakini ni za kuzidisha na kugawanya tu.

1. MOTA HUZUNGUKA VIPI

Baiskeli ya umeme si jambo la jana. Tarehe 31 Desemba 1895, Mmarekani mmoja, Ogden Bolton, alipewa hati ya uvumbuzi ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma na betri katikati ya fremu. Lakini betri za siku zile zilikuwa nzito na dhaifu. Ilipofika mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani iliuza baiskeli ambayo mota yake humsaidia mwendeshaji kwa kadiri anavyokanyaga pedali. Tangu hapo chombo hiki kimeenea duniani.

Mota nyingi za baiskeli zimekaa katika kitovu cha gurudumu. Nyingine hukaa chini, pale penye pedali, zikavuta mnyororo. Zote zina sehemu mbili: koili za waya wa shaba, na sumaku zilizopangwa kwa duara. Umeme ukipita katika koili, koili nayo inakuwa sumaku, ikavuta sumaku iliyo mbele yake na kuisukuma iliyo nyuma. Hapo gurudumu linazunguka. Kati ya betri na mota kipo kisanduku ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye koili moja baada ya nyingine kwa zamu, kama mnyapara anayewaita watu kazini kwa orodha.

Sasa, nini kinachoweka kikomo cha mzunguko? Jambo hili halionekani kwa macho, lakini ndilo msingi wa somo. Mota inapozunguka, yenyewe pia inazaa umeme, kama ile dinamo ya taa ya baiskeli. Umeme huo unaozaliwa ndani unapingana na ule unaotoka kwenye betri. Kadiri mota inavyokwenda mbio ndivyo upinzani unavyokua, hata mwisho unakaribia kulingana na nguvu ya betri. Hapo mota haiwezi tena kuongeza mwendo. Imefika mwisho wake.

Kwa hiyo mwendo wa mota hutegemea volti za betri. Tuchukue mfano. Tuseme mota fulani, gurudumu likiwa limeinuliwa hewani, huzunguka mara 270 kwa dakika ikipewa volti 36. Maana yake kila volti moja inazaa mizunguko 7.5. Ukiipa mota ile ile volti 48, itazunguka mara 360 kwa dakika. Ikishuka chini na kubeba mtu, mizunguko hupungua, kwa kuwa mzigo unaivuta nyuma.

Ampea ni jambo lingine. Volti huleta mwendo. Ampea huleta nguvu ya kusokota gurudumu, ile inayohitajika mlimani au penye mzigo. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati, yaani nguvu yote. Mota ya wati 250 yenye betri ya volti 36 inakula karibu ampea 7. Na tukumbuke hili: ukizidisha ampea mara mbili, joto linalozaliwa ndani ya nyaya huzidi mara nne. Mafundi wetu wa viwandani wanaifahamu harufu ya mota iliyoungua.

2. KUTOKA MZUNGUKO HADI KILOMITA

Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.07. Sasa tufanye hesabu ya mfano wetu:

Mizunguko 270 mara mita 2.07 ni mita 559 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 60, unapata kama kilomita 33.5 kwa saa. Huo ni mwendo wa gurudumu lisilobeba kitu. Likibeba mtu, baiskeli itakwenda pungufu ya hapo.

Kwa volti 48: mizunguko 360 mara 2.07, mara 60, ni karibu kilomita 45 kwa saa.

Sasa chukua mota ile ile ya volti 36 uifunge katika gurudumu dogo la inchi 20, ambalo kwa mzunguko mmoja linasogea kama mita 1.55. Mizunguko 270 mara 1.55, mara 60, ni kilomita 25 kwa saa. Mota ni moja, betri ni moja, lakini mwendo umeshuka kutoka 33 hadi 25 kwa sababu ya gurudumu peke yake.

Tugeuze hesabu. Sheria ikisema mota iache kusaidia kwenye kilomita 25 kwa saa, gurudumu la inchi 26 litakuwa linazunguka mara ngapi? Kilomita 25 ni mita 25,000. Gawanya kwa 60 unapata mita 417 kwa dakika. Gawanya kwa 2.07: mizunguko 201 kwa dakika. Ndiyo hesabu inayofanywa na kontrola. Sumaku ndogo inafungwa kwenye njiti za gurudumu, na kila inapopita mbele ya kihisio kontrola inahesabu moja. Ikifika 201 kwa dakika, inakata umeme.

Basi ndugu, mwendo wa mota una mipaka miwili tofauti. Mmoja ni wa maumbile yake, yaani volti, koili na ukubwa wa gurudumu. Wa pili umewekwa na binadamu ndani ya kontrola kwa amri ya sheria. Baiskeli inayoweza kwenda 33 huzuiwa isizidi 25. Tofauti ya kilomita 8 hapo katikati ndiyo inayoleta vishawishi vyote tutakavyovizungumza.

3. KWA NINI MPAKA UWEKWE

Wengine watasema: kama mota inaweza, kwa nini izuiwe? Tutazame sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni breki. Mtu akiona mtoto amekatiza barabara hupita kama sekunde moja kabla mkono haujashika breki. Kwa kilomita 25 kwa saa, katika sekunde hiyo baiskeli imesogea mita 7. Kwa kilomita 45 imesogea mita 12 na nusu. Kisha breki zenyewe, zikiwa nzuri na barabara kavu, zitahitaji kama mita 6 kwa mwendo wa 25, lakini kama mita 19 na nusu kwa mwendo wa 45. Jumla ni mita 13 kwa mmoja na mita 32 kwa mwingine. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, lakini njia ya kusimama imezidi mara mbili na nusu. Barabara ikiwa na tope, au breki zikiwa ni zile za mipira iliyokwisha, hesabu ni mbaya zaidi.

Sababu ya pili ni uzito wa pigo. Nguvu ya pigo hukua kwa mwendo ukizidishwa kwa wenyewe. Anayeanguka kwa mwendo wa 50 hupigwa na nguvu mara nne ya anayeanguka kwa mwendo wa 25. Fremu, njiti na uma wa baiskeli havikutengenezwa kwa mapigo ya namna hiyo, wala kichwa cha mtu.

Sababu ya tatu ni upepo. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 100, barabara ikiwa tambarare na hewa imetulia, mwendo wa kilomita 25 unahitaji kwa kukadiria wati 160. Mwendo wa kilomita 45 unahitaji karibu wati 780. Hii ni karibu mara tano! Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inatumika kupasua hewa tu. Tukiiachia mota ifanye kazi peke yake, na tukihesabu umeme unaopotea njiani, betri ya wati 360 kwa saa moja ingetufikisha kilomita 45 kwa mwendo wa 25. Kwa mwendo wa 45 ingetufikisha kilomita 16 au 17 na kutuacha njiani. Aliyezoea kwenda kazini na kurudi anaelewa maana yake.

4. SHERIA ZA NCHI MBALIMBALI

Sheria nyingi huuliza maswali matatu: mota ina wati ngapi, inaacha kusaidia kwenye mwendo gani, na je, mwendeshaji ni lazima akanyage pedali?

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni namba 168 ya mwaka 2013 inasema hivi: baiskeli ikiwa na mota isiyozidi wati 250 za nguvu ya kudumu, mota ile ikasaidia tu mtu anapokanyaga, na msaada ukapungua polepole mpaka kukatika kabla ya kilomita 25 kwa saa, basi chombo hicho hakihitaji kibali cha magari. Kinahesabiwa kuwa baiskeli. Ikizidi hapo inaingia kundi lingine. Zipo baiskeli za umeme zinazofika kilomita 45 kwa saa, lakini hizo huhesabiwa pamoja na pikipiki ndogo.

Tuangalie maneno "nguvu ya kudumu". Maana yake ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa kwa muda mrefu bila kuungua. Kwa dakika chache, mlimani, mota ya wati 250 inaweza kutoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo namba iliyogongwa kwenye mota haielezi habari yote.

Uingereza iliweka sheria yake mwaka 1983: kwa baiskeli ya kawaida wati 200 na maili 15 kwa saa. Mwaka 2015 ikaongeza mpaka wati 250 na maili 15.5, ambazo ndizo kilomita 25. Mwendeshaji lazima awe na umri wa miaka 14 au zaidi. Baiskeli ikizidi mpaka huo, mbele ya polisi wa Uingereza ni gari la mota: inadaiwa usajili, bima na leseni, na isipokuwa navyo inaweza kuchukuliwa.

Marekani, sheria ya mwaka 2002 juu ya bidhaa inasema baiskeli ya umeme iwe na mota ya chini ya wati 750, na kwa mota peke yake isifike maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Sheria za barabarani ni za kila jimbo. Mwaka 2015 California iligawa baiskeli hizi katika madaraja matatu, na majimbo mengi yakafuata. La kwanza husaidia anayekanyaga mpaka maili 20. La pili lina mkono wa kuongezea mwendo kama wa pikipiki, mpaka maili 20. La tatu husaidia anayekanyaga mpaka maili 28, yaani kilomita 45.

China, ambako baiskeli za umeme ni nyingi kuliko nchi yoyote duniani, iliweka mwaka 1999 mpaka wa kilomita 20 kwa saa. Wenye viwanda hawakuujali sana. Kanuni mpya iliyoanza kutumika tarehe 15 Aprili 2019 ikaruhusu kilomita 25 na wati 400, na ikadai chombo kiwe na pedali. Nyingine iliyoanza Septemba 2025 inadai mota yenyewe iache kutoa nguvu mwendo ukipita 25. Japani wana njia yao: mota inapunguza msaada kidogo kidogo kuanzia kilomita 10 kwa saa na kuuacha kabisa ikifika 24.

Hapa tuondoe kosa linalofanywa na wengi. Mpaka wa kilomita 25 unaihusu mota. Haumhusu mtu. Ukiteremka mlima kwa kilomita 40 huku mota imezima, hujavunja kanuni ya mota. Lakini barabara nayo ina mwendo wake. Mji wa New York, kwa mfano, tangu tarehe 24 Oktoba 2025 unakataza baiskeli za umeme kuzidi maili 15 kwa saa barabarani, ingawa baiskeli yenyewe inaruhusiwa kuwa na mota ya kufika zaidi ya hapo. Hizi ni sheria mbili, na zote mbili zinamhusu mwendeshaji.

5. MPAKA UNAPOVUNJWA

Wapo mafundi duniani kote wanaouza vifaa vya kuidanganya kontrola, ili idhani gurudumu linakwenda polepole. Wapo wanaofunga betri ya volti nyingi kuliko zile ambazo mota ilitengenezewa. Kwa siku chache mwendeshaji hufurahi. Kisha mambo haya hufuata.

Ampea huongezeka, joto huzidi, nyaya na gia za plastiki ndani ya mota huyeyuka. Mwenye kiwanda anakataa dhamana. Mwenye bima anakataa kulipa, kwa sababu chombo kilichopata ajali si kile kilichoandikwa katika hati. Polisi wanakiita pikipiki isiyo na namba.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni betri. Betri za lithiamu zina nguvu nyingi ndani ya nafasi ndogo. Zikiungwa ovyo, zikichajiwa na chaja isiyo yake, au zikipondwa, huwaka moto ambao ni taabu kuuzima. Mwaka 2023 moto wa betri hizi uliua watu 18 katika mji wa New York. Wengi wa waendeshaji wa kule ni wahamiaji wanaoishi katika vyumba vya msongamano, wanachaji betri usiku karibu na mlango, na moto ukitoka hawana pa kupitia. Mwezi Septemba mwaka ule ule ilianza sheria ya mji inayokataza kuuza baiskeli na betri zisizopimwa usalama. Ndugu wanaoishi katika kambi za mashamba, vyumba vya safu moja na mlango mmoja, watafakari jambo hili kabla ya kuingiza betri isiyojulikana ilikotoka mahali wanapolala watoto.

6. NANI ANAYEWEKA MWENDO?

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aiharibu baiskeli yake mwenyewe ili iende mbio kupita kiasi?

Tutazame wapeleka chakula wa miji mikubwa, ambao baiskeli ya umeme ndiyo jembe lao. Wengi wao hulipwa kwa safari. Hawalipwi kwa saa. Anayefikisha safari tatu kwa saa anakula, anayefikisha mbili analala na deni. Amri haitoki kwa msimamizi aliyesimama barabarani. Inatoka kwenye simu, inayompa dakika za kufika na kumwondolea kazi akichelewa. Sheria imeweka mwendo wa mota kuwa 25, lakini malipo yameweka mwendo wa mtu kuwa 40. Katika mashindano hayo malipo ndiyo yanayoshinda.

Sisi hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo analijua. Mkata mkonge anayelipwa kwa mafungu analijua. Mwendesha mashine aliyeambiwa atimize idadi, naye akakiondoa kikinga vidole kwa kuwa kinamchelewesha, analijua kwa vidole vyake. Kontrola ya baiskeli na kikinga cha mashine ni ndugu. Vyote viwili huondolewa na mkono wa mfanyakazi, lakini sababu ya kuviondoa imeandikwa katika karatasi ya mshahara.

Tena ikitokea ajali, kampuni hujibu kwamba mtu huyu si mfanyakazi wake, ni mshiriki anayejitegemea. Baiskeli ni yake, betri ni yake, faini ni yake, mguu uliovunjika pia ni wake. Katika New York, kabla ya mwaka 2020, baiskeli za umeme zenye mkono wa kuongezea mwendo hazikuruhusiwa barabarani, na faini ya dola 500 ilimwangukia mwendeshaji, ilhali chakula alichobeba kiliwaletea faida wengine.

Wapeleka chakula hawa hawakukaa kimya. Kule New York walijikusanya, wakaandamana na baiskeli zao, wakadai. Mwaka 2020 sheria ya jimbo ikazikubali baiskeli zao. Mwishoni mwa 2023 ukaanza kutumika ujira wa chini wa dola 17.96 kwa saa kwa wapeleka chakula wa kampuni za simu. Tuone maana yake: mtu akihesabiwa saa, hana sababu ya kukimbizana na kila safari. Hispania ilitunga sheria mwaka 2021 kwamba wapeleka chakula wahesabiwe kuwa wafanyakazi. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha agizo la namna hiyo mwaka 2024, na nchi zake zimepewa mpaka Desemba 2026 kuliingiza katika sheria zao. Lakini si kila mahali wameshinda. Uingereza, mwezi Novemba 2023, Mahakama Kuu Kabisa iliamua kwamba waendeshaji wa kampuni ya Deliveroo hawana uhusiano wa ajira unaoilazimisha kampuni kujadiliana na chama chao. Mapambano yanaendelea.

7. LA KUFANYA KATIKA MATAWI

Chombo hiki kikija kazini kwetu, kwa tarishi, kwa mlinzi, kwa msimamizi wa shamba au kwa mkopo wa kukatwa katika mshahara, tawi lisingoje ajali. Tunashauri mambo haya.

Kwanza, isomwe bamba ya chombo: volti, wati, na mwendo ambao mota inaacha kusaidia. Inchi za gurudumu zilizoandikwa ndani ya kontrola zilingane na gurudumu lenyewe. Zikiandikwa inchi 20 na gurudumu ni 26, mpaka utakuwa wa uongo.

Pili, mjumbe wa wafanyakazi aulize kwa maandishi: katika sheria ya barabara ya nchi yetu, chombo hiki ni baiskeli au ni pikipiki? Ni nani mwenye kulipia usajili, leseni na bima? Jibu lipatikane kabla mtu hajapanda.

Tatu, iwekwe katika mkataba wa pamoja kwamba kofia ngumu, breki, matairi, betri na chaja za chombo cha kazi ni gharama ya mwajiri. Hatuombi hisani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi yenye hatari kubwa iliyo karibu, ikiwa ana sababu ya kutosha kuamini hivyo. Tangu Juni 2022 mkataba huu ni miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo, na kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu misingi yake hata kama haijautia sahihi.

Nne, ajali ya njiani kwenda na kurudi kazini iulizwe: inahesabiwa kuwa ajali ya kazi au la? Mkataba namba 121 wa mwaka 1964 unazitaka nchi zinazoufuata zieleze jambo hili katika sheria zao za fidia.

Tano, betri zichajiwe mahali palipotengwa, penye hewa, mbali na malazi na mlango wa kutokea. Mahali hapo patengenezwe na mwajiri.

Sita, na hili ndilo kubwa: pasiwepo malipo ya kumfanya mtu akimbie kuliko mota inavyoruhusiwa. Muda wa safari upimwe kwa mwendo wa sheria. Ikiwa ni kilomita 10 kwa mwendo wa 25, hiyo ni dakika 24 bila kuhesabu vituo, matope na magari. Mwajiri anayedai dakika 15 anadai mwendo wa kilomita 40, na kwa kudai hivyo ameamuru sheria ivunjwe hata kama hakutamka neno. Hesabu hiyo ifanywe mbele yake, kwa kalamu, na iandikwe katika kumbukumbu za kikao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Mota inazunguka mara 8 kwa dakika kwa kila volti. Ikipewa volti 36 katika gurudumu linalosogea mita 2.07 kwa mzunguko, bila mzigo mwendo utakuwa kilomita ngapi kwa saa? Je, kontrola ina kazi ya kufanya hapo?

2. Tarishi ametumwa kilomita 15 na kupewa nusu saa. Anatakiwa kwenda kwa mwendo gani? Tawi litamwambia nini mwajiri?

3. Kazini kwetu, ni kikinga gani cha mashine au kanuni gani ya usalama inayoachwa kwa sababu ya namna tunavyolipwa? Ni neno gani katika mkataba wetu lingeondoa sababu hiyo?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yatafutwe na kila mmoja kabla ya kikao, halafu yalinganishwe. Swali la tatu halina jibu la kalamu. Lijibiwe na wote kwa pamoja, kila mmoja akianza na mashine aliyosimama mbele yake leo.